Kanuni za Darasani na Sababu Zake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Walimu

Ukurasa huu ni kwa walimu wa msingi na sekondari, hasa wenye madarasa makubwa ya Tanzania na Kenya. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Kwani lazima mwanafunzi aelezwe sababu? Si atii tu?

Anaweza kutii bila kuelezwa, na wengi hutii. Tatizo huonekana mwalimu akitoka. Darasa lililonyamaza kwa kumwogopa mwalimu hulipuka mara tu anapokwenda ofisini kuchukua chaki, maana kilichokuwa kikishikilia kanuni ni macho yake. Mwanafunzi aliyeelewa kwamba sauti yake inamnyima usikivu mwenzake wa dawati la nyuma ana sababu ya kunyamaza hata asipoonwa na mtu mzima. Hawatafanya hivyo wote, lakini wachache wakianza, wengine huwafuata.

Mwaka 1984 Richard Koestner na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka 6 na 7 waliopewa kazi ya kuchora kwa rangi za maji. Wengine waliamriwa kwa ukali wasichafue. Wengine walielezwa kwa nini rangi isichafuliwe, wakaambiwa pia kwamba inaeleweka kuwa kuichezea kunafurahisha. Baadaye, walipoachwa wafanye wanachotaka, waliopewa maelezo walikuwa na hamu zaidi ya kuendelea kuchora kuliko walioamriwa. Sharti la usafi lilikuwa moja kwa wote. Kilichotofautiana ni namna lilivyosemwa.

2. Sababu nzuri inakuwaje?

Iwe ya kweli, ihusu chumba hiki, na mwanafunzi aweze kuihakiki kwa macho yake. Kipimo rahisi ni kujaza sentensi hii: "Tusipofanya hivi, *fulani* atashindwa kufanya *jambo fulani*." Mfano: "Tusipofuta ubao kabla ya kipindi, mwalimu anayefuata atapoteza dakika tatu akifuta, na nyinyi mtanakili kwa haraka."

"Kwa sababu mimi ndiye mwalimu" haijazi sentensi hiyo. "Utafeli maisha" iko mbali mno, na mtoto wa miaka kumi haioni. "Mkaguzi atakuja" inamfundisha kumwogopa mkaguzi, na siku asipokuja kanuni inakufa. Methali nayo hupamba sababu iliyokwisha kutolewa, haiwezi kukaa mahali pake.

Ukijaribu kujaza sentensi hiyo ukashindwa kabisa, huenda kanuni yenyewe haina kazi. Iondoe. Kanuni moja isiyo na sababu huwatia wanafunzi shaka juu ya zile tano zenye sababu.

3. Je, kanuni zote zielezwe kwa namna moja?

Hapana, na hapa ndipo walimu wengi hukwama. Watafiti Larry Nucci na Elliot Turiel walionyesha mwaka 1978 kwamba hata watoto ambao hawajaanza shule ya msingi hutofautisha kosa la kumuumiza mwenzako na kosa la kuvunja utaratibu. Kumpiga mtu wanaliona baya hata kusipokuwa na kanuni inayolikataza. Kukaa mahali pasipo pako wanaliona baya kwa sababu tu kuna kanuni.

Kwa hiyo kanuni za kutoumizana, kutoibiana na kutotukanana hazihitaji hotuba. Taja aliyeumia na alivyoumia, inatosha. Kanuni za kazi, kama kuinua mkono, kuwahi na kunyamaza, zinahitaji sababu ya namna iliyoelezwa katika swali la 2. Kanuni za mazoea, kama kusimama mwalimu anapoingia, zielezwe kwa uaminifu: ni desturi ya heshima tuliyoikuta, tena inatusaidia wote kujua kwamba kipindi kimeanza. Usizibunie sababu za kiafya au za kitaalamu. Wanafunzi watagundua.

4. Kanuni ziwe ngapi?

Tano au sita. Kanuni kumi na tano zilizobandikwa ukutani hakuna anayezikumbuka, hata aliyeziandika. Ziandike kwa kueleza la kufanya: "Inua mkono, ngoja uitwe" humwongoza mtoto kuliko "Usiropoke".

## Lini na kwa njia gani

5. Nieleze sababu wakati gani?

Kabla ya kosa, wakati hakuna anayehisi anasemwa yeye. Wiki ya kwanza ya muhula tenga dakika kumi za mwanzo katika vipindi vitatu, na kila kipindi ueleze kanuni mbili. Ukizimwaga zote siku moja, hawatashika hata moja.

Katikati ya kosa usieleze kitu. Mwanafunzi aliyekamatwa mbele ya wenzake anatafuta njia ya kujiokoa, hasikilizi, na maelezo yako yatageuka mabishano ambayo darasa zima litayafuatilia kwa hamu. Taja jina lake kwa sauti ya kawaida, taja kanuni kwa maneno yasiyozidi matano, kisha rudi kwenye somo papo hapo: "Neema, mkono kwanza. Tuendelee, mfano wa pili." Sababu umkumbushe baada ya kengele, mkiwa wawili.

6. Nina wanafunzi 80. Majadiliano yatawezekana?

Yanawezekana ukilitumia dawati kama kikundi. Andika ubaoni swali moja, kwa mfano: "Watu kumi wakijibu kwa pamoja, nani hafaidiki?" Toa dakika mbili kila dawati lijadili kwa sauti ya chini. Chagua madawati matano, mawili yakiwa ya nyuma, yatoe jibu moja moja. Andika ubaoni maneno yao wenyewe. Funga kwa kusoma kanuni pamoja na sababu waliyoitoa wao. Zoezi zima huchukua dakika nane hivi.

Hesabu nayo husaidia, na wanafunzi wa darasa la tano kwenda juu waachie waifanye wenyewe. Somo likikatizwa mara nane, kila mara nusu dakika, zinapotea dakika nne kati ya 40 za kipindi. Kwa vipindi vitano vya wiki ni dakika 20, yaani nusu ya kipindi kizima. Namba waliyoipata kwa mikono yao huwaingia kuliko onyo lako.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni. Zoezi hili ni njia rahisi ya kuitekeleza haki hiyo darasani, na haligharimu chochote.

7. Watoto wa darasa la kwanza na la pili wataelewa sababu?

Wataielewa wakiiona. Waambie wote wataje majina yao kwa pamoja, kisha uliza: "Nimesikia jina la nani?" Halafu mmoja mmoja ainue mkono na kutaja. Sasa sababu wameisikia kwa masikio yao. Kwa umri huu toa sababu moja fupi kwa kila kanuni, uirudie kwa maneno yale yale kwa wiki kadhaa, kwa sababu ukibadilisha maneno wanadhani ni kanuni mpya.

## Kanuni moja moja

8. Kwa nini wainue mkono, ilhali jibu wanalijua?

Sababu ya kwanza huwa ni zamu, kwamba kila mtu asikike. Ya pili ina uzito zaidi, nayo mara nyingi husahaulika: mkono ulioinuliwa humpa mwenzako muda wa kufikiri. Mary Budd Rowe, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1974, aliona kwamba walimu wengi hungoja kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Walipongoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi wakashiriki. Anayeropoka jibu hufuta sekunde hizo kwa darasa zima.

Waambie hivyo, kisha timiza upande wako. Uliza, hesabu kimoyomoyo hadi tatu, ndipo uchague mkono. Ukimchagua wa kwanza kila mara, umeivunja sababu uliyoitoa. Jihadhari pia na majibu ya kwaya, "Ndiyooo mwalimu!", maana hayo hukuficha wasioelewa.

9. Kelele: vipi kuhusu monita kuandika majina ya wapiga kelele?

Ni desturi ya shule nyingi, lakini inaharibu sababu. Kanuni ya utulivu inasimama juu ya hoja kwamba kelele huwafanya wengine washindwe kusikia. Orodha inaigeuza iwe hoja ya nani yumo na nani hayumo. Monita hupata marafiki wa kuwaficha na maadui wa kuwaandika, nawe unaadhibu kwa ushahidi usioweza kuuthibitisha.

Badala yake, mpe monita kazi ya kuandika ubaoni swali uliloliacha, na awe wa kwanza kulifanya. Darasa lisilo na kazi litapiga kelele hata likiwa limeelezwa sababu mara mia.

Weka viwango vitatu na uvifundishe: kimya wakati wa mtihani na mwalimu anapoeleza, sauti ya dawati wakati wa kujadili, sauti ya darasa wakati wa kuwasilisha. Sauti ya dawati ni ile ambayo dawati la mbele yako halikusikii maneno. Mvua ikinyesha juu ya bati, kanuni ya kusikilizana haiwezekani tena. Badilisha: kazi ya kuandika, maelekezo ubaoni, ishara za mikono. Ukiendelea kudai usikivu wakati huo, unadai wasichokiweza.

10. Aliyechelewa arudishwe au aingie?

Aingie. Sababu ya kanuni ya kuwahi ni kwamba dakika tano za mwanzo ndizo zenye lengo la somo na maana za maneno mapya, na anayeingia katikati huwakatiza wengine. Kwenye dawati la watu watatu, wa ndani akichelewa, wawili lazima wasimame kumpisha, na safu ya nyuma yao isione ubao. Waoneshe hilo kwa vitendo.

Sababu hiyo hiyo inakuelekeza la kufanya. Acha dawati moja karibu na mlango kwa wachelewaji. Aingie bila kuamkia, akae hapo, anakili kichwa cha somo, na yaliyompita amuulize jirani mwishoni. Ukimsimamisha nje, hasara uliyotaka kuizuia unaiongeza mwenyewe. Wapo wanaotembea kilomita kadhaa au kuchota maji alfajiri. Kuchelewa kwa kila siku ni suala la kuzungumza na mzazi au mlezi, halimalizwi mlangoni.

11. Ruhusa ya kwenda chooni?

Toa sababu mbili: mwalimu anawajibika kujua kila mtoto yuko wapi, na wakitoka kumi kwa pamoja kazi inasimama. Kwa hiyo mmoja kwa wakati mmoja, na kipande cha mbao chenye jina la darasa kiwe pasi. Kikiwa hakipo kwenye msumari, mtu yuko nje, angoje.

Kanuni hii isiwe ya kukataza. Mwongozo wa Tanzania ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na shule nyingi hazijafika hapo. Foleni ya mapumziko huwaacha wengine bila kupata nafasi. Msichana aliye katika hedhi asiulizwe sababu mbele ya watu. Mweleze kila mmoja mapema kwamba kuchukua pasi kunatosha, maneno hayahitajiki.

12. Simu nieleze vipi, nami ninayo mfukoni?

Usiseme simu ni mbaya. Sema yaliyo kweli: inavuta macho ya mwenye nayo na ya majirani zake wawili, inaweza kumrekodi mtu bila ridhaa yake, na ikiibwa hakuna wa kuwajibika. Halafu yako iweke kimya ndani ya droo au mkoba. Ukipokea simu katikati ya kipindi, kanuni imekwisha.

13. Kwa nini kunakili kazi ya mwenzako ni kosa, ilhali tunahimizwa kusaidiana?

Swali hili ni la haki na wanafunzi hawaliulizi kwa ujeuri. Wamechanganywa. Jumatatu wanaambiwa wasaidiane, Jumanne wanaadhibiwa kwa kusaidiana. Andika juu ya kila kazi, ubaoni: KAZI YA PAMOJA au KAZI YA MTU MMOJA. Kisha eleza: kazi ya mtu mmoja inamwonesha mwalimu nini kifundishwe upya. Kama 40 wamenakili jibu sahihi la mmoja, mwalimu ataamini mada imeeleweka na ataivuka, nao 40 watakutana na mada hiyo kwenye mtihani wa taifa, ambako udanganyifu hufutiwa matokeo.

14. Maabara: sababu zipi lazima zielezwe?

Zote, na kabla ya kugusa chupa yoyote. Hapa mwanafunzi asiyejua sababu ataunguza macho.

*Asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.* Asidi ya salfuriki iliyokolea hutoa joto kali inapochanganyika na maji. Maji ni mepesi, hivyo yakimiminwa juu ya asidi hubaki juu, huchemka papo hapo na kurusha matone ya asidi. Asidi ikimiminwa kidogo kidogo ndani ya maji mengi huku ukikoroga, joto hutawanyika.

*Usifyonze pipeti (neli ya kupimia kimiminika) kwa mdomo.* Ncha ikitoka tu kwenye kimiminika, hewa huingia na kimiminika hupanda ghafla hadi mdomoni. Haidroksidi ya sodiamu huunguza utando wa mdomo na koo. Tumia mpira wa kufyonzea. Ikiwa mpira ni mmoja, kikundi kipokezane, au pima kwa silinda jaribio lisipohitaji usahihi mkubwa.

*Mdomo wa neli ya majaribio usielekee mtu.* Kimiminika kinachochemka ndani ya neli nyembamba kinaweza kuruka chote kwa mara moja. Shikilia neli ikiwa imeinama, na uisogeze sogeze juu ya moto.

*Asidi ikimwagikia ngozi au jicho, maji tu, na mengi, kwa dakika 15 au zaidi.* Wengi hukimbilia kuitibu kwa besi, yaani kemikali inayoua nguvu ya asidi. Hilo huongeza joto na jeraha jipya. Pasipo na bomba, ndoo iliyojaa yenye koki iwe tayari kabla ya jaribio.

*Mikoba chini ya meza, si njiani.* Anayebeba asidi haangalii miguu.

## Pale mambo yanapokuwa magumu

15. Kanuni si yangu, ni ya shule, na mimi mwenyewe siiafiki. Nisemeje?

Mfano wa kawaida ni kunyoa nywele. Usibuni sababu, na usiungane na wanafunzi kuibeza. Sema: "Hii ni kanuni ya shule. Uongozi unasema lengo ni wanafunzi wote wafanane na asubuhi isipotee kwenye kusuka. Mwenye hoja aipeleke kwa serikali ya wanafunzi, iandikwe." Kisha isimamie kama ilivyo, na hoja yako upeleke kwenye kikao cha walimu.

16. Kanuni ya "Kiingereza tu" ina sababu?

Sekondari za Tanzania hufundisha na kutahini kwa Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili na lugha nyingine. Sababu ya kweli basi ni mazoezi: atakayejibu mtihani kwa lugha hiyo anahitaji kuizoea mdomoni. Lakini sababu hiyo haihalalishi kibao cha aibu kinachovalishwa shingoni. Aliyevikwa kibao huacha kusema kabisa, au hushinda akimwinda mwenzake wa kumvisha, na mazoezi yaliyokusudiwa hayapo tena. Kinachofuata sababu ni hiki: wajadili dawatini kwa lugha wanayofikiria vizuri, wawasilishe jibu kwa Kiingereza, na makosa ya sarufi yasichekwe.

17. "Mbona yule anaruhusiwa?"

Ukiwa umetoa sababu, unaweza kutetea tofauti. Mwenye ualbino huhitaji kofia ndani na kiti cha mbele penye mwanga usiomchoma, kwa kuwa macho yake hayavumilii mwanga mkali na mara nyingi hayaoni mbali vizuri. Mwenye selimundu (sikoseli) lazima anywe maji mara kwa mara, hivyo ataomba kutoka mara nyingi. Kanuni ya kutovaa kofia au kutokunywa maji darasani haikuwekwa kwa ajili ya kuwaumiza hao.

Usitangaze ugonjwa wa mtoto. Jibu: "Kila mmoja hapa anapewa anachohitaji ili ajifunze. Wewe ukihitaji kitu, njoo uniambie." Rudia jibu hilo hilo bila kuongeza. Zungumza mapema na mhusika na mzazi wake mkubaliane nini kinaweza kusemwa.

18. Mwanafunzi amepinga sababu yangu, na ana hoja.

Mwambie hadharani kwamba ana hoja, na utaje siku ya kuijibu, kwa mfano Ijumaa. Hadi hapo kanuni inabaki. Ijumaa ifike na jibu lije: imebadilishwa, au inabaki kwa sababu hii. Ukisahau, waliobaki watajifunza kwamba kuuliza ni bure.

19. Nimeeleza, na bado wanavunja. Sasa adhabu?

Maelezo hayachukui nafasi ya usimamizi. Mtafiti Jacob Kounin, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu usimamizi wa darasa, aliona kwamba namna ya kukaripia haikuwatofautisha sana walimu wenye madarasa tulivu na wengine. Kilichowatofautisha ni kuona mapema yanayoendelea kila kona, na somo linaloendelea bila kusimama simama. Kwa hiyo anza kwa kukagua: unatembea hadi nyuma? Kazi inawatosha hadi kengele?

Matokeo ya kosa yafanane na sababu. Aliyechafua afute, aliyekatiza kipindi arudishe dakika zake wakati wa mapumziko, aliyenakili arudie kazi peke yake. Kuhusu viboko, jua sheria. Kenya imekataza adhabu ya kimwili shuleni kupitia Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2002 zilimruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari maalumu. Fimbo ya mwalimu yeyote kwa kuchelewa au kelele haimo humo. Tena inarudisha tatizo la swali la 1: kanuni inashikwa mwenye fimbo akiwepo.

20. Mwanafunzi amehamia katikati ya muhula. Nianze upya?

Hapana. Mkabidhi kwa mwenzake wa dawati, si kwa monita, amweleze kanuni na sababu zake kwa siku mbili. Siku ya tatu muulize mgeni mwenyewe sababu za kanuni mbili. Akikosea, kasoro iko kwa aliyemweleza, na hapo utakuwa umejua ni sababu gani darasa lako zima limeisahau. Hiyo ndiyo ya kurudia Jumatatu.